Vifungo Mia na Kumi Dhidi Yangu

Wiki iliyopita tuliuacha mkono wa mshauri ukiwa ndani ya kopo la biskuti. Sasa umetoka.

Umetoka na vifungo.

Vya mashati, vya magauni, vya makoti ya madaktari, vyeupe na vyeusi, vya matundu mawili na vya matundu manne. Vilimponyoka vikamwagika sakafuni kwa kelele ya mvua ya mawe, vikabingirika mpaka chini ya viti vyetu. Watu wanane wazima tukainamisha vichwa, kila mmoja anakagua viatu vyake kana kwamba amevinunua leo.

"Hivi ni nini?" akauliza mshauri.

Kinyozi akakohoa. Mama Mayai akaanza kufunga upya kitambaa chake cha kichwa, ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri tu.

"Nimeuliza, hivi ni nini?"

"Vifungo, mwanangu," akajibu Mama Mayai. "Hata kwenu vipo."

Wewe uliyeliokota gazeti hili leo limefungiwa sabuni, sogea nikwambie kwa ufupi, maana mshauri hana subira na mimi sina muda.

Mimi ni dobi. Napiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, mwaka wa ishirini na sita huu. Mke wangu alifia humo humo, juu ya shuka niliyoinyoosha kwa mkono wangu, akisubiri mashine ambayo wakubwa walisema iko njiani. Mpaka leo iko njiani. Labda inakuja kwa miguu.

Alipoondoka yeye, nikaanza kubeti. Sisemi wakubwa walinishika mkono. Nasema tu kwamba jezi za timu ya wafanyakazi, ambazo nazinyoosha mimi, zina jina la kampuni ya kubeti kifuani, na aliyetia saini makubaliano yale hakuwa dobi.

Nina binti mmoja, fundi cherehani. Yeye ana mtoto mmoja, wa miaka saba, mkali kwa maneno mpaka tunamwita Pilipili. Zamani kila mchana nilikuwa namchukua shuleni, zamu yangu inaisha saa sita, yeye anatoka saa saba. Tunakula, ananisomea vitabu vyake, ananisahihisha nikitaja neno vibaya. Basi siku moja nikaingia duka la kubeti kuangalia matokeo ya mechi moja tu. Nilipokumbuka kwamba nina mjukuu, ilikuwa saa kumi na moja. Alikuwa amesimama getini, mvua yote imeisha juu yake.

Binti yangu hakupiga kelele. Alisema, "Baba, humchukui tena. Mpaka uniletee barua ya wale wa ushauri, yenye muhuri, kwamba umepona."

Ndiyo maana niko hapa. Wiki kumi na mbili za ushauri nasaha kwa wacheza kamari, kila Jumamosi asubuhi, katika chumba kilichopakwa rangi ya maziwa yaliyoharibika. Hii ni wiki ya kumi na moja. Nataka mchana wangu na Pilipili. Hakuna kingine ninachotafuta kwa watu hawa.

Haya, turudi kwenye vifungo.

*

"Kuna na kijitabu," akasema mshauri.

Moyo wangu ukaanguka ukalala.

Alikifungua. Mshauri wetu ni binti mdogo, msomi, na sisi kwa siri tunamwita Unajisikiaje, kwa sababu hilo ndilo swali lake la kufungulia kikao, la katikati na la kufungia. Leo hakuuliza. Alisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo rangi ilivyomtoka.

"Mnabeti," akasema polepole. "Mnabeti humu ndani. Mnabeti nani... nani ataanguka?"

"Si kwa hela!" Kinyozi akaruka. "Dada, naapa, hela haijaingia hapa hata senti. Ni vifungo tu!"

"Nani anavileta?"

Vidole saba vikanielekea. Hapo ndipo utakapojua marafiki wa kituo cha ushauri.

Ni kweli, nilivileta mimi. Pasi ya mvuke ikiwa mbovu hung'oa vifungo. Wakubwa hawaitengenezi, manesi wanafunga makoti kwa pini, na mimi nimejaza makopo. Wiki ya pili Kinyozi alininong'oneza, "Yule Dereva wa Lori hamalizi mwezi. Tuwekeane." Nikasema tusiweke hela, tumekuja kuacha. Akasema, "Basi weka kifungo." Nani angekataa kifungo?

Hivyo ndivyo watu kumi na wanne walioletwa kutibiwa kamari walivyoanza kuchezea kamari dawa yenyewe. Mimi nikawa mwenye kibanda. Napokea, naandika, napanga fulani akianguka kifungo kimoja kinazaa vingapi. Na mwenye kibanda hachezi.

"Wiki ya tatu, Dereva wa Lori," mshauri akasoma. "Akaanguka. Wiki ya nne, Fundi Bomba. Akaanguka. Wiki ya sita, wale mapacha..." Akainua macho. "Sita. Sita waliorudi kwenye kamari mmewataja wote kabla. Mmejuaje? Mimi sikujua hata mmoja!"

"Wewe unatazama uso," Mama Mayai akamwambia. "Sisi tunatazama mguu."

"Mguu?"

"Mtu anayetaka kwenda kucheza, mwanangu, mguu wake huondoka kabla yake. Yeye yuko hapa anakwambia amebadilika, analia na machozi juu. Mguu uko dukani."

Msomaji, lazima nikwambie wao wanapimaje. Kila kikao kikiisha tunapewa karatasi yenye nyuso tano, wa kwanza unalia, wa tano unacheka mpaka magego. Unazungushia duara unaofanana na moyo wako. Basi. Karatasi zinapanda juu kwa Mkurugenzi wa kituo, anahesabu nyuso, anaandika ripoti. Dereva wa Lori alizungushia uso unaocheka saa tano asubuhi. Saa nane mchana alikuwa ameshauza tairi la akiba la tajiri wake.

"Na hapa mwisho," mshauri akageuza ukurasa, sauti imepungua, "mmeandika... Dobi. Kuanguka, vifungo mia na kumi. Kumaliza, vifungo tisa."

"Tisa ni vyangu," akasema Mama Mayai. "Nilimhurumia."

"Mia na kumi!" nikamgeukia Kinyozi. "Wewe peke yako uliweka thelathini!"

"Mzee, usinichukie. Ni biashara."

Mlango ukafunguka.

*

Manukato yalitangulia, tumbo likafuata, Mkurugenzi mwenyewe akaingia wa tatu.

"Wageni wanafika saa nne na nusu," akasema. "Kampuni inakuja na mpiga picha. Hivi ni nini sakafuni?"

Kampuni ni ile ile ya kwenye jezi. Ndiyo inayolipa kodi ya jengo hili, mishahara, maji ya chupa na karatasi za nyuso. Anayekuuzia sumu ndiye anayekununulia kitanda cha kufia, na kwenye mto ameandika jina lake.

Unajisikiaje ni mtoto mkweli. Shule haijamharibu vya kutosha. Akasema yote, kopo, kijitabu, mpaka mguu.

Tukasubiri radi.

Mkurugenzi akachukua kijitabu, akalamba kidole, akafungua ukurasa. Akafungua mwingine. Akaenda kuufunga mlango, akaurudishia na komeo.

"Hii imewahi kukosea?"

"Sita kwa sita," Kinyozi akajibu, na mjinga yule alijibu kwa fahari.

"Vizuri," akasema Mkurugenzi. Akatoa kalamu ya wino kwenye mfuko wa shati. "Nani anafuata?"

Hakuna aliyeelewa. Mimi nilielewa, kwa sababu nimefanya kazi chini ya wakubwa miaka ishirini na sita, na najua kalamu ikitoka mfukoni huwa haitoki kuandika jina la mkubwa.

"Mkurugenzi," nikasema, "wale sita wameandikwaje kwenye ripoti?"

"Hawakuandikwa."

"Wamefutwa?"

"Hawakufutwa, mzee. Hawakukamilisha usajili."

"Dereva wa Lori alikaa hapa wiki tatu! Alikunywa chai yenu!"

"Alikuja kama mgeni. Kituo hiki kinawaponya watu asilimia mia moja. Unafikiri namba hiyo inajileta yenyewe?" Akaweka kalamu juu ya jina langu. "Leo natangaza wanane mbele ya mfadhili. Mmoja akianguka kesho, gazeti litaandika. Kitabu chenu kinasema ni wewe. Kwa hiyo natangaza saba."

Akapiga mstari. Kalamu ya wino, karatasi laini. Nikasikia mkwaruzo wake mpaka kwenye meno.

"Na barua yangu?"

"Barua ya nini? Wewe hukusajiliwa."

*

Msomaji, umewahi kukatwa na kisu ulichokinoa mwenyewe? Mimi ndiye niliyeleta vifungo. Mimi ndiye niliyeandika namba ile kwa mwandiko wangu wa darasa la nne. Mia na kumi. Sasa mtu asiyejua hata jina langu ananihukumu kwa ushahidi wangu, na mjukuu wangu yuko upande wa pili wa mstari wa wino.

"Mkurugenzi," mshauri akaingilia, "huyu mzee amefika wiki ya kumi na moja bila kucheza hata mara moja. Amekula ng'ombe mzima, amebakiza mkia."

"Mkia ndio ninaouogopa."

"Lakini amebadilika! Ushauri umemsaidia! Baba, mwambie. Mwambie kilichokufanya uache."

Angeninyamazia ningemshukuru. Lakini aliuliza, na mimi nilikuwa nimechoka kusema uongo kwa heshima.

"Nimekaa wiki kumi na moja bila kubeti," nikasema, "ili huyu Kinyozi asile vifungo."

Mkurugenzi akaishusha kalamu.

"Nikianguka, wanagawana. Nikimaliza, vyote vinabaki kwa mwenye kibanda. Kila nikipita duka la kubeti, namwona huyu anavyochekelea, na meno yake yale, nasema, haki ya nani, sikupi raha hiyo. Nageuka. Hiyo ndiyo dawa. Mimi sijapona, nimekasirika tu."

Kinyozi akaweka mkono kifuani. "Kumbe mimi ni daktari!"

Wakacheka wote, isipokuwa Unajisikiaje. "Kwa hiyo mimi?" akauliza. "Wiki zote hizi?"

"Mwanangu, nguo hainyooki kwa kunyunyiziwa maji peke yake. Wewe unanyunyiza vizuri sana." Nikajisikia vibaya kidogo. "Siku moja ulinisaidia. Ile Jumamosi uliyosahau karatasi za nyuso nyumbani. Ukakaa tu, ukatusimulia habari za kaka yako alivyoikimbia familia kwa aibu ya kamari. Siku ile nilikwenda nyumbani nikalala vizuri. Wiki iliyofuata karatasi zikarudi."

"Siku hiyo nilionywa," akasema taratibu, macho kwa Mkurugenzi. "Niliambiwa kikao hakikuwa na takwimu."

"Na hakikuwa nazo!" Mkurugenzi akafoka. "Mnataka nimwambie mfadhili watu wanapona kwa ubishi na habari za kaka wa mtu? Okoteni uchafu huu! Mzee, tumia mlango wa nyuma."

Mlango ukagongwa kwa nje.

"Hodi," sauti ikasema. "Nimeambiwa familia tuje saa nne."

Ilikuwa sauti ya binti yangu.

*

Mshauri alifungua komeo, naye akaingia na utepe wa kupimia shingoni, ametoka kazini mbio. Akawaamkia wakubwa, akanitazama mimi, akatazama sakafu. Yeye ni fundi cherehani. Mtu mwingine huona vumbi kwanza, yeye huona vifungo.

Mkurugenzi alivaa sauti ya msibani. "Dada, tunasikitika. Baba yako hayumo tena kwenye programu. Kuna viashiria kwamba atarudi kwenye mchezo."

"Viashiria gani?"

Na yule mtu mwenye vyeti vinne ukutani akamkabidhi kijitabu. Hebu fikiria! Akamwonyesha na kwa kidole. "Hapo. Vifungo mia na kumi. Wenzake wenyewe wanaomjua wamesema ataanguka."

Binti yangu akasoma. Akasoma tena. Kisha akasema bila kutikisika:

"Arobaini kati ya hivyo ni vyangu."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamtazama Mama Mayai. Mama Mayai alikuwa anatazama dari kwa bidii ya mtu anayesubiri ishuke.

"Wewe mama," nikamwambia, "ulinambia vile arobaini ni vya jirani."

"Na si jirani yangu? Namuuzia mayai kila Jumanne."

"Mama," nikamgeukia binti yangu, maana mwanangu mimi humwita mama nikiwa na furaha na pia nikiwa na maumivu, "uliniwekea nianguke? Wewe?"

"Baba, unakumbuka sigara?"

"Sigara zimeingiaje?"

"Marehemu mama alikuomba miaka kumi uache. Kwa upole. Kwa machozi. Uliacha? Siku mjomba alipokwambia mbele ya watu, 'Wewe huna ubavu wa kuacha,' ulizitupa chooni usiku ule ule na hukugusa tena. Mimi nilikuwepo. Nilijifunza. Wewe mtu akikuombea mema unamdharau. Akikuombea mabaya, unampinga mpaka kaburini." Akafunga kijitabu. "Mama Mayai aliponisimulia mchezo wenu, nikachukua vifungo vyangu vizuri, vya koti, nikasema niandikie arobaini."

Kinyozi akapiga paja. "Jamani! Huyu ndiye angepewa ukurugenzi!"

Nilitaka kumkumbatia. Lakini mbishi ni mbishi, nikauliza swali nililopaswa kuliacha.

"Kwa hiyo uliamini nitamaliza."

Akachezea utepe.

"Siku nyingine niliamini. Siku nyingine niliweka kwa sababu nilikuwa na hakika utaanguka, na nilitaka walau nipate kitu. Mtoto alikaa kwenye mvua masaa manne, baba. Usinitake nikudanganye."

Nje, milango ya magari ikafungwa. Miwili, mitatu, kwa ule mlio mzito wa magari yasiyonunuliwa kwa jasho.

"Wageni!" Mkurugenzi akanong'ona. Akampokonya binti yangu kijitabu, akakiweka kwenye kiti kilicho kando yangu, akakikalia.

*

Mgeni alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu, viatu vya raba vyeupe, koti lililonyooshwa na mtu anayejua kazi yake. Nyuma yake mpiga picha na vijana wawili waliovaa fulana: kifuani jina la kampuni, mgongoni "Cheza kwa Kiasi". Wangeandika pia "Zama kwa Kiasi".

Hakutaka hotuba. Alikanyaga kifungo, akakitazama, akakisukuma pembeni. Macho yake yakazunguka chumba yakatua kwangu. Mvi zangu hupendeza kwenye picha, nimeshaambiwa.

"Huyu mzee. Ningependa kumsikia huyu. Amepona?"

Mkurugenzi, aliyenifuta dakika kumi zilizopita, akatabasamu mpaka shingo ikapotea. "Huyu? Huyu ndiye fahari ya kituo!" Akaniinamia kama ananirekebisha kola, na pumzi yake ikaingia sikioni. "Sema umepona kwa ushauri wa kituo. Maneno matano. Barua naisaini hapa hapa, muhuri ninao mfukoni."

Maneno matano. Mchana wangu wote na Pilipili kwa maneno matano. Nimewahi kudanganya kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Upande wa pili, binti yangu alikuwa amesikia. Alisogea tu nusu hatua, akaninong'oneza bila kufungua midomo, vile alivyokuwa akifanya mama yake msikitini mwa wengine na kanisani mwa wengine, popote paliporuhusu aibu.

"Ukidanganya mbele yangu, hiyo barua utaisoma mwenyewe. Mtoto humwoni."

Nikasimama. Nikisema kweli, sina barua. Nikidanganya, ninayo barua na haina kazi. Mpiga picha akainua kamera.

"Sijapona," nikasema.

Tabasamu la Mkurugenzi likabaki mahali pake, lakini mwenyewe alishaondoka nyuma yake.

"Wiki kumi na moja sijabeti, hiyo ni kweli. Sijabeti kwa sababu Kinyozi na Mama Mayai na binti yangu mwenyewe walijua mimi ni mtu wa aina gani, wakanikorofisha. Huyu mshauri ni mtoto mzuri, mngemwacha azungumze na watu angesaidia, lakini mmempa nyuso za karatasi. Tulikuwa kumi na wanne. Sita wameanguka, na huyu bwana amewafuta kama doa. Mimi ni dobi, doa nalijua. Ukilipangusa juu juu linapotea, nguo ikipata joto linarudi na wenzake. Na ninyi, mama, mnaolipia chumba hiki, dukani kwenu kuna viti vizuri kuliko hivi. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini."

Nikakaa. Goti liliniuma. Hakuna aliyepiga makofi. Mambo ya kweli hayapigiwi makofi, yanapigiwa kimya.

Kisha nikasikia nyuma yangu:

"Jumatatu anatoka saa saba ile ile. Siku hizi wanatumia geti la nyuma, la mbele limefungwa. Usichelewe, baba."

Sikugeuka. Ningegeuka wangeniona. Sina barua, sina muhuri, sina asilimia yoyote, na mjukuu wangu nimerudishiwa. Mwaka wa tatu tangu nimzike mke wangu, ile ilikuwa pumzi ya kwanza iliyonifika tumboni.

Ningeomba hadithi iishie hapo. Lakini mgeni alikuwa hajamaliza.

*

"Waliotajwa kabla hawajaanguka ni wanne," alikuwa anasema, "au wote sita?"

"Samahani?" Mkurugenzi akauliza.

"Huyu kaka hapa ananiambia kuna kijitabu."

Kinyozi! Wakati mimi nahangaika na machozi yangu, yeye alikuwa ameshamwaga kila kitu. Mgeni akanyoosha mkono. Mkurugenzi akainuka taratibu, akatoa kijitabu chini yake, kikiwa bado na joto lake.

Mgeni hakukasirika. Alisoma akiwa amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Nani alipanga hizi?"

Vidole vikanielekea tena. Wamezoea.

"Mzee, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne."

"Nina vijana thelathini wenye shahada, kila mmoja na kompyuta mbili. Hawawezi kunipa hiki." Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti kwa magoti. "Tatizo letu si mteja anayecheza. Tatizo ni mteja anayekaribia kuacha. Tukimjua wiki moja kabla, tunamtumia zawadi kidogo, mchezo wa bure, salamu ya siku ya kuzaliwa, anabaki. Tukichelewa, ameondoka. Nahitaji mtu wa kukaa dukani na kutazama tu. Aniambie nani anaondoka, nani anabaki. Hutacheza. Hutagusa simu. Utatazama miguu ya watu."

"Mama," nikaanza.

"Mshahara mara nne ya unaopata sasa."

Hata Mama Mayai aliacha kutafuna.

Msomaji, jibu nililokuwa nalo lilikuwa tayari, nimelikunja na kulinyoosha mistari yake. Nilitaka kumwambia kwamba mtu anayekaribia kuacha ana mtoto getini. Nilitaka kumwambia mambo ambayo yangemfanya avue lile koti kwa aibu. Nilifungua kinywa niyaseme, mbele ya mshauri, mbele ya Mkurugenzi, mbele ya binti yangu aliyenirudishia dunia dakika moja iliyopita.

Nikasikia mtu anauliza, "Inaanza lini?"

Nikageuka nimwone huyo mpumbavu.

Wote walikuwa wananitazama mimi.

"Jumatatu," akasema mgeni.

Binti yangu alikuwa ameshaufikia mlango. Alitoka, akaurudishia nyuma yake taratibu, bila kishindo. Angeubamiza, ningejua la kufanya.